Namna ya kusoma waraka wa matarajio kabla ya kununua vipande

Kwenye fomu ya kununua vipande, yaani sehemu zako katika mfuko wa uwekezaji wa pamoja, juu kidogo ya mahali pa kutia sahihi, kuna mstari unaosema kwamba mwombaji ameusoma na kuuelewa waraka wa matarajio, kitabu cha masharti ya mfuko. Karibu kila mtu hutia sahihi. Wanaousoma ni wachache, maana waraka ni mrefu, umeandikwa kwa lugha ya wanasheria, na dirishani kinachotolewa kwanza ni kipeperushi chenye picha ya familia inayocheka. Lakini siku mtakapobishana na meneja wa mfuko juu ya makato au kuchelewa kwa malipo, hakuna atakayefungua kipeperushi. Kitakachofunguliwa ni waraka.

Huna haja ya kuusoma kama hadithi, toka jalada hadi jalada. Saa mbili zinatosha ukijua unatafuta nini. Weka mezani vitu vinne: waraka wenyewe (uuchape ikiwezekana, kwa sababu utauchorachora), taarifa ya hesabu zilizokaguliwa za mwaka wa karibuni, jedwali la bei za vipande la siku hiyo, na kikokotoo cha simu. Mifano hapa inatoka Tanzania zaidi, na hesabu za shilingi ni za kufundishia, si bei za mfuko wowote.

Kwanza: hakikisha ni waraka halali

Nchini Tanzania, mfuko wa uwekezaji wa pamoja unaouza vipande kwa umma lazima uidhinishwe na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA, chini ya Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya mwaka 1994, Sura ya 79. Usichukue neno la wakala. Ingia mwenyewe kwenye tovuti ya CMSA utafute jina la mfuko na jina la kampuni inayousimamia, herufi kwa herufi, kwa kuwa matapeli hupenda jina linalofanana na la taasisi halali. Kama halipo, piga simu ofisini kwao uulize.

Ukurasa wa mbele utakuta kauli kwamba Mamlaka imeidhinisha waraka lakini haiwajibiki kwa usahihi wa yaliyomo. Wengine hushtuka wakiisoma, wengine huichukulia idhini kama muhuri wa faida. Wote wanakosea. Idhini maana yake ni kwamba mfuko umetimiza masharti na umeeleza yale unayotakiwa kueleza. Kama uwekezaji wenyewe ni mzuri au mbaya, hilo umeachiwa wewe.

Dalili moja inatosha kukufanya uufunge waraka na kuondoka: ahadi ya faida isiyobadilika iliyoandikwa kana kwamba ni haki yako. Mfuko halali hutaja lengo au matarajio, na jina la waraka wenyewe linakwambia hivyo. Waliopanda "mbegu" kwenye mpango wa upatu wa DECI na kukosa mavuno 2009 walikuwa na ahadi ya kiasi watakachovuna, lakini hawakuwa na maelezo ya biashara gani ingezaa kiasi hicho. Swali hilo la pili ndilo waraka wa kweli unajibu kwa kurasa nyingi kuliko la kwanza.

Kisha tazama tarehe. Nyaraka hurekebishwa, na marekebisho mara nyingi hutolewa kama nyongeza ya kurasa mbili tatu badala ya kuchapa upya kitabu kizima. Waraka wa zamani bila nyongeza zake unaweza kukupa ada iliyokwisha badilika. Waraka ukiwa na toleo la Kiswahili na la Kiingereza, tafuta kifungu kinachosema lipi litatawala yakitofautiana. Kama ni la Kiingereza, basi vifungu vya ada na vya kutoka visome huko pia, hata kwa msaada wa mtu.

Pili: pesa yako inakwenda kununua nini

Ruka historia ya kampuni, ruka salamu za mwenyekiti, nenda moja kwa moja kwenye sera ya uwekezaji. Hapo kuna jedwali dogo ambalo ndilo moyo wa waraka: aina ya mali, kiwango cha chini na kiwango cha juu. Hisa zilizoorodheshwa sokoni, hatifungani za serikali (hati za mkopo wa miaka mingi unaolipwa riba), hatifungani za makampuni, dhamana za muda mfupi, amana za benki.

Jina la mfuko lisikupumbaze. Mifuko ya UTT AMIS, kampuni ya Tanzania inayosimamia mifuko ya aina hii, inaonyesha vizuri jinsi mifuko ya nyumba moja inavyotofautiana. Mfuko wa Umoja, ulioanza 2005, ni wa mchanganyiko: una hisa ndani yake, na kwa hiyo Soko la Hisa la Dar es Salaam likishuka, sehemu ya thamani yake hushuka nalo. Mfuko wa Ukwasi haununui hisa. Hukaa kwenye amana za benki na dhamana. Mfuko wa Hatifungani, ulioanza 2019, unategemea zaidi hatifungani. Wekeza Maisha umefungwa na mpango wa miaka 10 na bima ndani yake, kwa hiyo unasoma sera ya uwekezaji na masharti ya bima kwa pamoja. Mtu anayesema tu "nimeweka UTT" hajasema bado ameweka kwenye nini.

Katika jedwali hilo, soma pengo kati ya chini na juu kabla ya namba zenyewe. Mfuko unaosema hisa asilimia 0 hadi 50 umempa meneja uhuru wa kuwa mfuko wa hatifungani leo na nusu hisa mwakani bila kukuuliza. Huo si ubaya kwa kila mtu. Ila ukitaka pesa ya ada ya shule ya Januari ijayo, uhuru huo haukufai. Halafu fungua hesabu zilizokaguliwa uone alichofanya kweli: orodha ya mali mwishoni mwa mwaka itakuambia kama kikomo cha 50 kimekaa kwenye 12 au kwenye 48.

Sasa chukua kalamu nyekundu. Katika kurasa hizi, tofauti kati ya "mfuko utawekeza" na "mfuko unaweza kuwekeza" ni tofauti ya wajibu na ruhusa. Duarisha kila "unaweza". Duarisha na haya: "kwa hiari ya meneja", "isipokuwa", "endapo", "kadiri meneja atakavyoona inafaa", "katika mazingira yasiyo ya kawaida". Ukimaliza, kurasa zenye duara nyingi ndizo zenye hatari zako, hata kama sura inayoitwa vihatarishi iko mbali. Sura ile ya vihatarishi mara nyingi ni ya kunakili, inafanana mfuko hadi mfuko: mabadiliko ya riba, ya sera, ya soko. Isome haraka ukitafuta kitu kimoja tu, yaani hatari ambayo haimo kwenye waraka wa mfuko mwingine wa aina hiyo. Hiyo iliandikwa kwa sababu.

Angalia pia ukomo wa kila mkopaji. Ni asilimia ngapi ya mfuko inaruhusiwa kukaa benki moja au kampuni moja? Je, mfuko unaruhusiwa kuweka pesa kwenye kampuni zenye undugu na meneja, mathalani benki iliyo ndani ya kundi lake? Tafuta kifungu cha mgongano wa maslahi. Kama undugu unaruhusiwa, kinatakiwa kiseme nani anapitisha na kwa bei gani. Kikinyamaza, andika swali pembeni.

Kwa mifuko ya hisa kuna jambo la soko letu lenyewe. Kampuni zilizoorodheshwa Dar es Salaam ni chache, na ambazo hisa zake hubadilishana mikono kwa wingi siku hadi siku ni chache zaidi. Mfuko mkubwa ukitaka kuuza hisa nyingi za kampuni isiyouzwa sana, unaweza kukaa majuma ukitafuta mnunuzi, au ushushe bei. Ndiyo maana kifungu cha kusimamisha malipo, tutakachokifikia, si pambo la wanasheria.

Tatu: bei na ada, hapa ndipo watu huumia

Jedwali la bei linalotangazwa kila siku lina safu kadhaa: thamani halisi ya mfuko (mali zote ukitoa madeni), idadi ya vipande, thamani halisi ya kipande, bei ya kuuza na bei ya kununua. Wanaoanza hugeuza hizi mbili za mwisho. Anayeuza na kununua hapo ni mfuko. Bei ya kuuza ndiyo unayolipa wewe ukiingia. Bei ya kununua ndiyo unayolipwa ukitoka.

Gawa thamani ya mfuko kwa idadi ya vipande uone kama unapata thamani ya kipande iliyotangazwa. Kisha linganisha bei mbili na thamani hiyo. Pengo ndilo ada ya kuingia na ada ya kutoka. Tuseme thamani ya kipande ni shilingi 500, ada ya kuingia asilimia 2, ya kutoka asilimia 1. Unanunua kwa 510. Ukigeuka siku hiyo hiyo unauza kwa 495. Ili urudishe pesa yako bila faida wala hasara, thamani ya kipande lazima ifike kama 515.15, yaani ipande kwa zaidi kidogo ya asilimia 3. Mfuko unaokua asilimia 11 kwa mwaka utahitaji karibu miezi mitatu na nusu kukufikisha pale ulipoanzia. Kwa anayekaa miaka minane hilo ni dogo. Kwa anayeegesha pesa ya mazao kwa miezi minne, karibu faida yote imeliwa mlangoni. Mifuko mingine haina ada ya kuingia wala ya kutoka, na mingine ada ya kutoka hupungua kadiri unavyokaa. Vyote vimo kwenye waraka, chini ya kichwa cha ada na gharama.

Ada hizo angalau unaziona. Usizoziona ni zile zinazokatwa ndani ya mfuko kabla bei haijatangazwa: ada ya usimamizi, ya benki inayotunza mali, ya mdhamini (msimamizi wa maslahi ya wenye vipande), ukaguzi, matangazo, usajili, na wakati mwingine mifumo ya kompyuta. Waraka hutaja ada ya usimamizi kwa herufi nzuri, tuseme asilimia 1.5 ya thamani ya mfuko kwa mwaka, halafu sentensi tatu mbele unasema gharama nyingine "zitalipwa na mfuko". Sentensi hiyo ndiyo yenye kukugharimu, na haina namba.

Namba itafute kwenye hesabu zilizokaguliwa. Chukua jumla ya gharama za mfuko za mwaka, gawa kwa wastani wa thamani ya mfuko. Mfuko ulioanza mwaka na bilioni 90 na kumaliza na bilioni 110 una wastani wa bilioni 100. Kama gharama zake zilikuwa bilioni 2.4, basi ulilipa asilimia 2.4, si 1.5. Fanya hivyo kwa miaka mitatu uone kama inapanda au inashuka. Mfuko ukikua, inafaa asilimia hiyo ishuke, kwa kuwa gharama nyingi haziongezeki kwa kasi ya mali.

Asilimia moja na nusu inasikika kama senti. Weka milioni 1 kwenye mifuko miwili inayochuma asilimia 13 kwa mwaka kabla ya makato. Mmoja unakata 1.5, mwingine 3. Baada ya miaka 10 wa kwanza unakupa kama 2,970,000 na wa pili kama 2,594,000. Tofauti ya shilingi 376,000 haikuletwa na ujuzi wa meneja yeyote. Ni ada tu iliyokaa kimya miaka 10.

Tukiwa bado kwenye bei, kuna kosa linalorudiwa hata na wasomi: kuona kipande cha shilingi 100 ni rahisi na cha shilingi 1,000 ni ghali. Laki moja inanunua vipande 1,000 kule na 100 huku. Mifuko yote miwili ikipanda kwa asilimia 10, utakuwa na 110,000 kote. Bei ya kipande inaonyesha tu mfuko ulianzia bei gani na umeishi miaka mingapi.

Mwisho, tafuta namna mali zinavyothaminiwa, hasa hatifungani. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni bei ya soko: leo ingeuzika kwa kiasi gani. Ya pili ni gharama ya ununuzi pamoja na riba inayojikusanya siku hadi siku. Njia ya pili hufanya bei ya kipande ipande polepole kama ngazi, bila mtikisiko, na watu huipenda. Lakini riba mpya zikipanda, hatifungani za zamani hupungua thamani sokoni. Hatifungani ya miaka 10 ya shilingi 1,000,000 inayolipa asilimia 10 kwa mwaka huuzika kwa kama 887,000 pale ambapo mpya zinalipa 12. Kwenye mfuko unaothamini kwa gharama, punguzo hilo halionekani kwenye bei. Anayetoka mapema analipwa zaidi ya thamani ya kweli, na deni linabaki kwa wanaobaki ndani. Usikimbie mfuko kwa sababu hii peke yake. Ila ujue bei tulivu inaweza kutokana na kanuni ya uhasibu na si utulivu wa mali.

Nne: unatokaje

Soma kifungu cha kuuza vipande mara mbili. Kwanza tafuta siku: malipo yatafika baada ya siku ngapi za kazi? Tatu na kumi zina tofauti kubwa mgonjwa akiwa hospitali, na siku kumi za kazi ni majuma mawili kamili, zaidi ikikatizwa na Idi au Pasaka. Pili, siku hizo zinahesabiwa toka lini? Kuna waraka unaohesabu tangu maombi yanapopokelewa ofisini, na mwingine tangu yanapokubaliwa baada ya uhakiki. Fomu yenye sahihi isiyofanana na ya awali hukaa kwenye uhakiki, nawe unadhani saa imeanza kukimbia.

Tatu, ni bei ya siku ipi? Kwa kawaida hununui wala huuzi kwa bei unayoiona sasa, bali kwa ile itakayokokotolewa baada ya maombi kupokelewa. Kuna saa ya mwisho ya kupokea. Pesa iliyotumwa Ijumaa jioni inaweza kupata bei ya Jumatatu. Hakuna aliyekuibia, ndivyo ilivyoandikwa.

Nne, tafuta neno "kusimamisha". Karibu kila mfuko una haki ya kusimamisha kwa muda kununua vipande kutoka kwa wanaotaka kutoka: soko likifungwa, mali zikishindwa kuthaminiwa, au maombi ya kutoka yakiwa mengi kupita kiwango fulani kwa siku moja. Kiwango hicho kitajwe, na utaratibu wake pia: je, kila mmoja analipwa sehemu, au wanapangwa foleni? Usimamishaji unaweza kuchukua muda gani, na nani lazima aarifiwe? Kifungu kinachompa meneja haki hii bila ukomo wa siku na bila kumtaja mdhamini au Mamlaka ni kifungu kibaya, hata mfuko uwe na jina kubwa kiasi gani.

Angalia pia kiasi cha chini kinachotakiwa kubaki. Ukitoa ukashuka chini yake, baadhi ya mifuko huuza vipande vilivyobaki na kuifunga akaunti.

Tano: nani anashika mali

Hapa hupiti haraka, lakini si kazi ndefu. Unatakiwa kukuta watu wasiopungua watatu wasio na undugu: meneja anayeamua nini kinunuliwe, benki inayotunza pesa na hati za mali, na mkaguzi wa hesabu. Kwenye mifuko yenye muundo wa udhamini kuna na mdhamini, anayesimama upande wa wenye vipande chini ya hati ya udhamini. Anayeamua asiwe ndiye anayetunza. Kampuni ya meneja ikifilisika, wadai wake hawana haki juu ya mali za mfuko, mradi mali hizo zimeandikwa kwa jina la mfuko na kukaa kwa mtunzaji mwingine. Hakikisha waraka unasema hivyo waziwazi. Kisha angalia nani anaweza kumwondoa meneja, na kwa kura ya kiasi gani cha vipande.

Vipande si amana ya benki. Bodi ya Bima ya Amana inayowalinda wateja wa benki hadi kiwango kilichowekwa haikufidii bei ya kipande ikishuka.

Sita: historia ya faida, isome mwisho

Watu huanzia hapa, na ndiyo sababu tumeiweka hapa. Ukiwa tayari umejua mfuko unanunua nini na unakata kiasi gani, grafu ya kupanda haikulevyi.

Kokotoa mwenyewe. Chukua thamani ya kipande ya leo na ya mwaka jana tarehe kama ya leo. Ikiwa ilikuwa 412.50 na sasa ni 459.10, gawa ya leo kwa ya mwaka jana utoe moja: asilimia 11.3. Kama mfuko unatoa gawio, jumlisha gawio la mwaka kwenye bei ya leo kwanza, kwa kuwa gawio likilipwa bei hushuka kwa kiasi hicho hicho. Kipande cha 100 kikitoa gawio la 3 kinabaki 97. Hakuna pesa ya ziada iliyozaliwa. Imehamia mfuko wako wa suruali tu. Wanaosema mfuko "umeporomoka" siku ya gawio hawakusoma ukurasa huo, na wanaodhani gawio ni zawadi juu ya ukuaji hawakuusoma pia.

Usikubali ukubwa wa mfuko upitishwe kama faida. "Mfuko umekua kutoka bilioni 20 hadi bilioni 30" inaweza kumaanisha tu kwamba watu wapya wameleta bilioni 10. Vipande milioni 100 vya shilingi 200 ni bilioni 20. Wakiingia wengine na kununua milioni 50 kwa bei hiyo hiyo, ni bilioni 30, na kipande bado ni shilingi 200. Mwenye kipande cha zamani hajapata hata senti.

Kwa mifuko ya hatifungani kuna mtego mahsusi wa Tanzania. Aprili 2022 riba ya kuponi, yaani ile anayolipwa mwenye hatifungani kila mwaka, ya hatifungani mpya za serikali za miaka 25 ilishushwa kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56, na za miaka 20 kutoka 15.49 hadi 12.10. Mfuko uliokuwa umejaza zile za zamani uliendelea kupokea riba ya zamani, na historia yake ikapendeza. Lakini shilingi iliyoingia baadaye ilikwenda kununua kwa masharti mapya. Kadiri wageni wanavyomiminika, riba nono ya zamani hugawanywa kwa vipande vingi zaidi, na faida ya kila kipande husogea kuelekea riba za sasa. Kwa hiyo uliza mambo matatu: mfuko una hatifungani za miaka mingapi, zilinunuliwa kwa riba ya wastani gani, na pesa inayoingia mwezi huu inanunua nini. Jibu la tatu lina uzito kuliko miaka mitano iliyopita.

Historia hiyo ipimwe na kitu. Waraka unatakiwa kutaja kipimo: faharasa ya soko (kipimo cha mwenendo wa bei za hisa kwa jumla), au riba ya dhamana za serikali za muda fulani. Mfuko wa hisa unaojilinganisha na akaunti ya akiba umechagua mpinzani dhaifu.

Kwa anayewekeza Kenya kwenye mifuko ya soko la fedha (inayokaa kwenye amana za benki na dhamana za muda mfupi), angalia riba inayotangazwa imetolewa kabla au baada ya nini. Mara nyingi ada ya usimamizi imeshatolewa lakini kodi ya zuio (inayokatwa kabla hujalipwa) ya asilimia 15 haijatolewa. Asilimia 12 iliyoandikwa inakufikia kama 10.2. Na riba ya mwaka iliyokokotolewa kwa kuzalisha riba juu ya riba kila siku ni ya mtu asiyegusa akaunti mwaka mzima.

Kodi, urithi na mengineyo

Sehemu ya kodi ni fupi. Tafuta kama mapato ya mwenye kipande yamesamehewa au yanakatwa, na kama jibu linabadilika ukiwa kampuni, kikundi au mkazi wa nje. Linganisha na amana ya muda maalumu ya benki, ambayo riba yake hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10 Tanzania, kabla hujasema ipi inalipa zaidi.

Sehemu ya kifo isome na mwenzako. Waraka utaeleza kama unaweza kuandika jina la mnufaika na jina hilo lina nguvu gani: je, analipwa moja kwa moja, au lazima familia ilete barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi? Akaunti ya pamoja nayo inahitaji jibu, kama sahihi moja inatosha au zote. Vikundi vya kuweka na kukopa huchelewa sana hapa: watia sahihi wamebadilika, muhtasari wa kikao haupo, na pesa iko salama lakini haitoki.

Sasa hesabu maswali uliyoandika pembeni. Yatume kwa meneja kwa barua pepe, si kwa simu, uombe ajibu akitaja ukurasa au kifungu. Wakala anayekujibu "hilo usijali" hajajibu.

Ukiridhika, anza na kiasi cha chini kinachoruhusiwa. Lipa kwenye akaunti au namba ya malipo iliyoandikwa ndani ya waraka au tovuti ya mfuko, kamwe si namba ya simu ya mtu. Weka namba yako ya uwekezaji kwenye kumbukumbu ya malipo bila kukosea tarakimu: pesa isiyo na namba sahihi hukaa kwenye akaunti ya kusubiri, na unapewa vipande kwa bei ya siku itakapotambuliwa, si siku uliyolipa. Taarifa ya kwanza ikija, gawa kiasi ulicholipa kwa idadi ya vipande ulivyopewa. Jibu liwe sawa na bei ya kuuza ya tarehe iliyoandikwa kwenye taarifa. Lisipokuwa sawa, chukua waraka, fungua ukurasa wa ada, kisha piga simu.